Hachibaki Mbele ya Mkaguzi: Historia ya Ukaguzi wa Kila Mwaka Nchini Uingereza

Nchini Uingereza, gari la abiria likitimiza miaka mitatu tangu lisajiliwe ni lazima lipelekwe kukaguliwa, na kuanzia hapo ukaguzi hurudiwa kila mwaka. Ukaguzi huo hujulikana kwa herufi tatu, MOT, zilizobaki kutoka kwenye jina la zamani la wizara ya usafirishaji. Gari lisilo na cheti haliruhusiwi barabarani, kodi yake ya barabara hailipiki, na mwenye gari anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Foleni ya magari yanayosubiri mkaguzi imetawaliwa kwa miongo mingi na hachibaki: gari dogo lenye mlango wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo chake, viti vya nyuma vinavyolazwa, na buti isiyotenganishwa na nafasi ya abiria. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam anazijua vizuri kwa majina ya Vitz, Demio, Fit na March. Huko Uingereza magari hayohayo yameuzwa kwa majina ya Yaris, Mazda2, Jazz na Micra, yakishindana na Ford Fiesta, Vauxhall Corsa na Volkswagen Golf. Jinsi hachibaki ilivyooza, ilivyotengenezwa, ilivyouzwa tena na hatimaye ilivyoboreshwa viwandani haielezeki bila mkaguzi huyu wa kila mwaka.

Kumpima dereva kulitangulia kulipima gari kwa robo karne. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uingereza, wakati magari yote ya nchi hayakufika milioni 3. Bunge lilipitisha kikomo cha maili 30 kwa saa katika maeneo ya mijini pamoja na mtihani wa lazima wa udereva, na vyote viwili vikaanza kutumika mwaka 1935. Gari lenyewe liliachwa. Polisi aliweza kulisimamisha gari bovu akilikuta njiani, lakini hapakuwa na siku yoyote katika mwaka ambayo mwenye gari alitakiwa kuliweka chini ya macho ya fundi.

Vita viliongeza tatizo. Kati ya 1939 na 1945 viwanda viliacha kuunda magari ya kiraia, na vita vilipokwisha serikali ilivihimiza viuze nje sehemu kubwa ya magari mapya ili nchi ipate fedha za kigeni. Mwananchi wa kawaida alibaki na gari la kabla ya vita. Katika miaka ya 1950 Austin Seven, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 1939, bado ilikuwa ikibeba familia kwenda kazini na kanisani, ikiwa na breki zinazovutwa kwa kebo badala ya kusukumwa na mafuta. Kebo hurefuka, hukatika uzi mmojammoja, na huvuta gurudumu la upande mmoja kuliko la upande wa pili. Novemba 1959 sehemu ya kwanza ya barabara kuu ya M1 ilifunguliwa, bila kikomo chochote cha mwendo, na magari hayo yakaruhusiwa kuingia humo sambamba na mapya.

Sheria ya Barabara ya mwaka 1956 ilikuwa tayari imempa waziri uwezo wa kuamuru ukaguzi. Utekelezaji ulisubiri hadi Septemba 1960, chini ya waziri Ernest Marples, na kwa miezi michache ya mwanzo ulikuwa wa hiari. Februari 1961 ukawa lazima kwa magari yenye umri wa miaka 10 na zaidi. Vitu vilivyoangaliwa vilikuwa vitatu tu: breki, taa na usukani. Hata kwa orodha fupi namna hiyo magari mengi mno yalianguka, na idadi hiyo iliwashtua waliodhani kwamba tatizo ni la magari machache machakavu. Mwishoni mwa 1961 umri wa kuanza kukaguliwa uliteremshwa hadi miaka 7, na Aprili 1967 ukafika miaka 3, ambayo haijabadilika hadi leo. Mwaka 1962 cheti kiliunganishwa na stika ya kodi ya barabara, na huenda hiyo ndiyo hatua iliyoupa mpango mzima nguvu kuliko zote. Stika ilibandikwa kwenye kioo cha mbele, askari yeyote aliiona, na bila cheti cha ukaguzi karani wa posta hakuitoa.

Waingereza hawakuwa wa kwanza. Huko Ujerumani kazi ya ukaguzi ilikua kutokana na vyama vya kukagua boila za mvuke, cha kwanza kikiwa kimeundwa Mannheim mwaka 1866 baada ya boila kulipuka; ukaguzi wa magari wa mara kwa mara ulifanywa lazima katika Ujerumani Magharibi mwaka 1951. Mwaka huohuo Japani nayo ilitunga sheria yake ya magari ya barabarani. Uingereza ilitofautiana na Ujerumani katika jambo moja kubwa: kazi ilikabidhiwa gereji za kawaida zilizopewa kibali, si taasisi iliyotengwa kwa ukaguzi tu. Gereji inayomwambia mwenye gari kwamba springi imevunjika ndiyo hiyohiyo inayoweza kumuuzia springi mpya. Lawama kuhusu utaratibu huu hazijawahi kwisha, na si za bure, ingawa ni utaratibu huo uliofikisha ukaguzi katika kila mji mdogo kwa bei inayolipika. Bei ya juu kabisa ya kukagua gari la abiria imekuwa pauni 54.85 tangu 2010. Ireland ya Kaskazini ilichagua njia nyingine: vituo vyake ni vya serikali, havitengenezi gari lolote, na gari huanza kufika humo likiwa na miaka minne.

Wakati sheria inabadilika, umbo la gari dogo nalo lilikuwa linabadilika. Austin A40 ya aina ya Countryman ilitoka mwaka 1959 ikiwa na nyuma inayofunguka vipande viwili. Renault 4 ilifuata mwaka 1961, Renault 16 mwaka 1965, Austin Maxi mwaka 1969. Kisha mlango ukafunguka kwelikweli: Golf mwaka 1974, Fiesta mwaka 1976, Austin Metro mwaka 1980, Peugeot 205 na Fiat Uno mwaka 1983. Familia iliyokuwa ikinunua saluni yenye buti ya kujitegemea sasa ilinunua gari fupi zaidi, jepesi zaidi, lenye magurudumu ya mbele yanayovuta, na linalomeza friji au kitanda cha mtoto viti vikilazwa.

Magari haya hayakuwa na chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe, iliyounganishwa kwa mabati mengi membamba, ndiyo iliyobeba injini, magurudumu na abiria. Nguvu ya bodi hiyo ilikaa katika boriti mbili za bati lililokunjwa zinazopita ubavuni chini ya milango, katika sakafu, na katika matao ya magurudumu ya nyuma ambako shokapu na mikanda ya usalama hufungwa. Katika hachibaki sehemu hizo hubeba kazi zaidi, kwa sababu tundu kubwa la mlango wa nyuma limeondoa ukuta ambao katika saluni husimama nyuma ya viti na kuikaza bodi. Boriti hizo ni bomba lililo wazi ndani. Maji huingia kupitia matundu ya kupitishia hewa na kupitia viungio visivyozibwa vizuri, na kila majira ya baridi huja yamechanganyika na chumvi ya mawe, nyingi ikichimbwa Winsford katika jimbo la Cheshire, inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Bati la miaka ya 1970 lilipakwa rangi kwa nje. Ndani mara nyingi halikupata kinga ya kutosha. Kutu ilianzia ndani, na ilipoonekana nje kwa umbo la malengelenge chini ya rangi, bati lilikuwa limeshaliwa.

Mwaka 1977 ukaguzi ulipanuliwa kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Tairi zilikuwa zimeingizwa mwaka 1968. Sasa ziliongezwa waipa na maji ya kusafishia kioo, indiketa, taa za breki, honi, ekzosi, na hali ya bodi na chesisi. Neno hili la mwisho ndilo lililoamua hatima ya kizazi cha kwanza cha hachibaki. Fiesta iliyouzwa mpya mwaka 1977 ilifika kwa mkaguzi mwaka 1980 ikiwa safi. Miaka sita au saba baadaye injini ilikuwa bado inawaka kwa mguso mmoja na viti vilikuwa havijachanika, lakini gari lilianguka kwa sababu ya boriti zake za ubavuni. Metro za mwanzo zilikuwa na ugonjwa huohuo.

Namna mkaguzi anavyotafuta kutu imebadilika kidogo sana tangu siku hizo. Gari likiwa juu ya jeki au juu ya shimo, hupita chini yake na taa mkononi na kinyundo chepesi chenye kichwa cha plastiki. Haruhusiwi kukwangua kwa nguvu wala kuchokonoa kwa bisibisi. Hugonga taratibu na kubonyeza kwa kidole gumba. Bati zima hurudisha sauti kavu, yenye mlio. Bati lililooza hurudisha sauti nzito iliyokufa, na vumbi la kahawia humdondokea mkaguzi usoni. Swali lake halihusu kutu kwa ujumla. Kuna sehemu zilizotajwa na kanuni: mahali springi, shokapu, usukani, breki na mikanda ya usalama inapofungwa kwenye bodi. Uozo ulio ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu hizo, ukiwa umepunguza nguvu ya bati, huangusha gari. Tundu la upana wa mkono katikati ya sakafu, mbali na sehemu hizo, linaweza lisiliangushe. Wenye magari wengi hawajawahi kuielewa tofauti hii, nao hubishana na mkaguzi mbele ya gari lenye shimo kubwa lililofaulu na jingine lenye kidoa lililoanguka.

Kanuni hiyo ilizaa biashara. Katika miaka ya 1980 viwanda vidogo vilikuwa vikikunja boriti mpya za Fiesta, Ford Escort na Metro, na mafundi wa kuchomelea walikuwa wakikata bati bovu na kuunga jipya kwa mashine ya gesi na waya. Kazi nzuri ilikata hadi kwenye bati zima, ikachomelewa mfululizo pande zote, kisha ikapakwa nta kwa ndani. Kazi ya kulipua ilifunika kutu kwa kiraka kilichoshikwa kwa nukta chache za moto, ikajazwa fibaglasi, halafu ikapakwa rangi nzito ya lami ili mkaguzi asione mshono. Kanuni zikajibu: kiraka kwenye sehemu inayobeba uzito ni lazima kichomelewe mfululizo, na fibaglasi au gundi ya mwili wa gari haihesabiki kuwa matengenezo. Mafundi waliofanya kazi hiyo kwa uaminifu waliongezea mamilioni ya magari madogo miaka mitatu au minne ya maisha, nao wanastahili nafasi kubwa katika historia ya usafiri wa Uingereza kuliko wanayopewa.

Viwanda vilisikia ujumbe, ingawa polepole. Bati lililopakwa zinki lilianza kutumika kwenye magari ghali katika miaka ya 1980 na likateremka hadi kwenye hachibaki katika muongo uliofuata; Golf ya kizazi cha nne, ya mwaka 1997, iliuzwa na dhamana ya miaka 12 dhidi ya kutu ya kutoboa bodi. Si wote walioenda kwa kasi hiyo. Nissan Micra iliyoundwa Sunderland kuanzia 1992, ambayo Afrika Mashariki inaijua kama March, ilishinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka Ulaya la 1993, ikiwa ya kwanza kutoka kampuni ya Kijapani. Injini yake ilikuwa ngumu ajabu. Nyingi zilikwenda kupondwa zikiwa na injini nzima, kwa sababu ya boriti zilezile chini ya milango.

Mwaka 1991 moshi uliingia kwenye orodha kwa magari ya petroli, na mwaka 1994 kwa ya dizeli. Kuanzia 1993 magari mapya ya petroli barani Ulaya yalilazimika kuwa na kichujio cha moshi kwenye ekzosi, na kipimo kikabadilika. Fundi hakuweza tena kulipitisha gari kwa kurekebisha skrubu ya kabureta asubuhi ya ukaguzi. Mkaguzi alipachika bomba la kifaa kwenye ekzosi, akaipandisha injini hadi mizunguko kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika, na gesi ya kaboni monoksidi ikapimwa kwa sehemu ndogo sana za asilimia. Sensa ya oksijeni iliyochoka, isiyozidi ukubwa wa plagi, ikawa sababu ya kuanguka kwa hachibaki ambayo dereva wake hakuona kasoro yoyote. Kwa magari ya dizeli mambo yalikuwa magumu zaidi. Kodi ya barabara ilipofungamanishwa na kaboni dioksidi mwaka 2001, Waingereza walikimbilia dizeli hata kwa magari ya kwendea sokoni. Dizeli za baadaye zilikuja na chujio la masizi ambalo hujisafisha gari likikimbia kwa muda mrefu, si kwenye foleni za mji. Machujio yakaziba, wenye magari wakayaondoa, na tangu 2014 gari ambalo liliundwa na chujio hilo huanguka likikutwa halina.

Hivi leo hachibaki hukaa mikononi mwa mkaguzi kwa muda unaokaribia saa moja. Magurudumu ya mbele hupandishwa juu ya mitungi ya chuma inayozunguka, dereva hukanyaga breki, na mashine huonyesha nguvu ya kila upande. Jumla ya nguvu za breki inapaswa kufika asilimia 50 ya uzito wa gari, au 58 kwa gari lililoanza kutumika tangu Septemba 2010. Breki ya mkono, asilimia 16 kwa magari yenye mifumo miwili ya breki. Tofauti kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja ikizidi asilimia 30, gari huanguka hata kama jumla inatosha, kwa sababu gari la namna hiyo huvuta upande likifungwa breki ghafla. Mifereji ya tairi inatakiwa kuwa na kina cha milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wake, mzunguko mzima. Kwenye kioo, mbele ya macho ya dereva kuna ukanda wa milimita 290 ambamo ufa unaozidi milimita 10 haukubaliki. Boljointi na bushi hutikiswa kwa wenzo wa chuma huku msaidizi akiyumbisha usukani. Waipa, honi, mikanda, kibati cha namba na mwelekeo wa taa kubwa hufuata.

Umri wa gari ndio unaoonyesha nini kitaanguka. Hachibaki ya miaka mitatu ikifeli, mara nyingi ni tairi, balbu au waipa, na kwa gari jipya namna hiyo ni aibu ya mwenye gari zaidi kuliko ya kiwanda. Ikifika miaka sita au saba huanza bushi za mikono ya mbele, viungo vya fimbo ya kuzuia kuyumba, na springi. Springi za mbele za Fiesta na Corsa zimepata sifa mbaya kwa kukatika mzunguko wa chini kabisa, mahali chumvi na matope hutulia. Mashimo na matuta ya barabarani humaliza kazi. Dereva anaweza kusikia mlio mmoja tu asubuhi na asijue kwamba kipande cha chuma chenye ncha kali sasa kimesogea karibu na tairi. Baada ya miaka 10 huongezeka mabomba ya breki yaliyoliwa na kutu, ekzosi, taa za mbele zilizofifia plastiki yake, na hatimaye bodi. Katika umri wote huo taa na tairi hazitoki kwenye orodha ya juu. Kwa miaka ya karibuni, magari takriban 3 kati ya 10 huanguka mara ya kwanza yanapoletwa, na sehemu kubwa ya makosa hayo yangeonekana na mwenye gari mwenyewe akizunguka gari lake kwa dakika tano jioni ya siku iliyotangulia.

Maarifa ya namna hii hayakuwepo kwa umma katika karne iliyopita. Cheti kilikuwa karatasi, kilijazwa kwa kalamu, na vitabu vya vyeti vitupu viliibwa na kuuzwa. Mwaka 2005 mfumo wa kompyuta ulianza kusambazwa katika gereji zote, na kila matokeo, pamoja na umbali uliosomwa kwenye dashibodi, yakaingia katika hifadhi moja. Mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza sasa kusoma bure lilifaulu lini, lilianguka kwa nini, mkaguzi alimwonya nini mwenye gari, na lilikuwa limetembea maili ngapi. Wapunguza maili, waliokuwa wakirudisha nyuma hesabu ya dashibodi kabla ya kuuza, walipata pigo kubwa kwa hifadhi hiyo. Stika ya kodi iliyokuwa nguzo ya mwanzo ya mpango haikuhitajika tena, na ilifutwa Oktoba 2014.

Mwaka 2010, baada ya maombi chini ya sheria ya uhuru wa habari, matokeo yaliyopangwa kwa modeli yalitolewa hadharani kwa mara ya kwanza. Kati ya magari ya miaka mitatu yaliyouzwa sana, Toyota Corolla ilikuwa miongoni mwa yaliyofaulu zaidi na Renault Mégane miongoni mwa yaliyoanguka zaidi. Takwimu hizo zilisomwa kama hukumu ya viwanda, na kwa kiasi fulani zilikuwa hivyo. Lakini zinahitaji jicho la pili. Honda Jazz, ambayo Afrika Mashariki inaiita Fit, hufanya vizuri mwaka baada ya mwaka. Pia ni gari linalopendwa na wazee, wanaoendesha maili chache, wanaolipeleka kwa fundi kwa wakati na kulilaza ndani ya gereji ya nyumbani. Corsa iliyoundwa siku moja na Jazz hiyo huishia mikononi mwa kijana aliyepata leseni karibuni, au katika shule ya udereva. Asilimia ya kufaulu hupima gari na mwenye gari kwa pamoja, na hakuna hesabu inayoweza kuwatenganisha kikamilifu. Mnunuzi wa gari la mtumba hufaidika zaidi na karatasi za gari analolitaka kuliko na wastani wa modeli nzima: gari lililoonywa kuhusu kutu ya mabomba ya breki miaka mitatu mfululizo bila kutengenezwa limeshaeleza lilivyotunzwa.

Orodha iliendelea kukua. Mwaka 2012 ziliongezwa taa za onyo za eabegi na za mfumo wa kuzuia kuteleza, pamoja na betri na nyaya. Mei 2018, kwa kufuata agizo la Umoja wa Ulaya la 2014, makosa yaligawanywa kuwa ya hatari, makubwa na madogo. Kosa la hatari humaanisha gari lisitoke hapo kwa kuendeshwa, hata kama cheti cha zamani hakijaisha. Mwaka huohuo magari yaliyozidi miaka 40 na yasiyobadilishwa sana yalisamehewa ukaguzi. Fiesta za 1976 zilizosalimika, chache sana kwa sababu zilizoelezwa hapo juu, sasa hazidaiwi cheti.

Utaratibu wa Japani una uhusiano wa moja kwa moja na barabara za Afrika Mashariki. Huko gari la abiria hukaguliwa likiwa na miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Hadi 1995 yaliyozidi miaka 10 yalikaguliwa kila mwaka. Ada ya ukaguzi yenyewe si kubwa, ila siku hiyohiyo hulipwa kodi ya uzito wa gari na bima ya lazima, na gharama yote ikijumlishwa na matengenezo humfanya mwenye gari auze mapema. Toyota Starlet, na baada yake Vitz iliyotoka mwaka 1999, zilifika bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwa wingi zikiwa bado na nguvu kwa sababu hiyo. Kenya, inayoruhusu magari yasiyozidi miaka minane na yenye usukani wa kulia tu, hupokea pia machache kutoka Uingereza. Ya Uingereza huja na rekodi inayosomeka mwaka kwa mwaka, lakini pia yamelamba chumvi ya majira kadhaa ya baridi; fundi anayelipokea gari la huko hutazama chini ya milango kabla ya kufungua boneti.

Umri wa ukaguzi wa kwanza umebishaniwa mara kwa mara. Serikali ilipendekeza kuusogeza hadi miaka minne, kama Ireland ya Kaskazini, ikaacha wazo hilo mwaka 2018, ikalirudisha mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2024 ikatangaza kwamba miaka mitatu inabaki. Mafundi na vyama vya wenye magari walipinga kwa hoja ya tairi na breki za magari yanayotembea maili nyingi. Kusimama kwa ukaguzi kumetokea pia bila kupangwa. Januari 2020 vituo vya Ireland ya Kaskazini vilisitisha ukaguzi wa magari ya abiria baada ya nyufa kugunduliwa kwenye jeki za kunyanyulia magari, na miezi miwili baadaye, kwa sababu ya korona, vyeti vilivyokuwa vikiisha kuanzia tarehe 30 Machi katika sehemu nyingine za nchi viliongezewa miezi sita.

Hachibaki ya umeme inabadilisha kazi tena. Nissan Leaf, iliyoanza kuundwa Sunderland mwaka 2013, haina ekzosi wala moshi wa kupimwa. Betri yake huongeza uzito juu ya tairi, bushi na springi. Mota hupunguza mwendo yenyewe dereva akiachia kanyagio la mwendo, hivyo breki hutumika kidogo na diski zake hushika kutu ambayo gari la petroli lingeisugua kila siku. Fiesta, iliyoongoza mauzo ya magari mapya nchini kuanzia 2009 hadi 2020, ilikoma kuundwa Julai 2023. Za mwisho kusajiliwa mwaka huo zinatakiwa kwenda kwa mkaguzi mara ya kwanza mwaka 2026, na zile za Ireland ya Kaskazini mwaka 2027.